Jivu la Jiko la Chini

Siku yangu ya kwanza kazini nilipewa kanda la ukindu limejaa udongo nikaambiwa niuoshe. Nilicheka. Miye nilizaliwa Mgogoni nikaolewa Makangale, na nilikuwa sijamaliza hata mwaka kwa mume, basi nilidhani watu wa huko wananifanyia mzaha wa ugeni.

"Udongo nao unaoshwa?" nikamuuliza wifi yangu Mize, dada wa mume wangu, aliyenichukua kazini.

"Unaoshwa, wifi. Si weye uliyesema umechoka kukaa ndani? Haya, osha."

"Nikishauosha nauanika?"

"Ukishauosha unaupika, unampakulia kaka yangu ale."

Wanaume waliokuwa wakipita na makanda mabegani waliangua kicheko, na mume wangu Makame alikuwa mmoja wao. Ndivyo nilivyoanza. Ilikuwa ile miaka ya mwisho ya utawala wa Waingereza, nasi Makangale tulikuwa na wetu mmoja, mtu mrefu mwenye ndevu nyekundu, aliyekuja kuchimba pango lililo ukingoni mwa msitu. Sisi wafanyakazi tulimwita Bwana Mtafiti. Mtaani walimwita Bwana Jivu, kwa sababu alipita majiani na uso umempauka jivu, na kwa sababu hakutaka dhahabu wala vyungu vizima. Alitaka makaa.

Wajukuu zangu wameniomba niandike kazi ile ilivyokuwa ikifanywa. Nimesoma juzuu zangu chuoni na madarasa machache ya skuli, basi nitaandika kama ninavyosema.

Pango lile kabla ya kuchimbwa lilikuwa mahali pa kuweka nadhiri. Watu walikwenda na ubani na mayai. Bwana Mtafiti hakutia jembe mpaka shehe aliposoma dua na sote tukaitikia amina. Kisha wachimbaji, Makame wangu, Juma wa Ali, Omar wa Shaame na Faki wa Hamad, wakaanza kuchimba. Nasema kuchimba, lakini hawakuchimba kama wachimbavyo kisima. Walikwangua kwa mwiko mdogo, tabaka baada ya tabaka. Tabaka ni ardhi ya zama moja. Watu huishi, huacha taka na majivu, vumbi likayafunika, wakaja wengine juu yao. Ukiteremka, unarudi nyuma. Udongo wa kila tabaka ulitiwa kanda lake, na kila kanda likafungwa kibao, na ole wako uchanganye.

Msimamizi wetu alikuwa Mzee Hamad, baba yake huyo Faki. Alikuwa nokoa, msimamizi wa wachumaji, katika mashamba ya karafuu kabla ya hapo, na sauti ya kusimamia watu haikumtoka. Alituita kwa kupiga debe. Hata jambo la kunong'ona alilisema kama mtu aliye juu ya mkarafuu.

Kuosha kwenyewe ni hivi. Unajaza beseni maji, unamimina udongo kidogo kidogo huku unakoroga kwa vidole taratibu. Mawe na mchanga huzama. Makaa, na mbegu zilizoungua zamani, ni nyepesi, basi huelea. Unayapitisha maji ya juu kwenye kitambaa cha melimeli, unachobaki nacho unakianika kivulini, maana jua hukipasua. Halafu kinapelekwa kwa mchambuzi, naye hukimwaga juu ya sahani nyeupe ya bati na kutenganisha kwa ncha ya unyoya wa kuku, mbegu kwake, makaa kwake, vipande vya kifuu kwake. Vidole havifai, ukiibana mbegu ya namna hiyo imekuwa vumbi.

"Kwani mbegu hazikuoza miaka yote hiyo?" nilimuuliza Bwana Mtafiti nilipokwisha kumzoea.

Alisema Kiswahili cha kitabuni, kila neno limekaa sawa. "Mbegu mbichi huoza au huliwa na mchwa. Iliyoungua kabisa ni jivu. Lakini iliyoungua nusu, Bi Raya, ile iliyomponyoka mpishi ikaangukia pembeni ya moto, hiyo haitakiwi na mchwa, wala haiozi. Inabaki."

"Basi tunaokota makosa ya wapishi."

"Naam. Wapishi hodari hawakutuachia kitu."

Aliposema hivyo Mize alicheka mpaka akaketi chini, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mpishi hodari. Tena zaidi ya kupika, alikuwa muoshaji. Nitakwambieni jambo ambalo Makangale yote ilikuwa ikilijua. Haikupita harusi wala hitma ila mchele wake umepita mikononi mwa Mize binti Kombo. Aliyekula wali wa mchele uliooshwa na Mize hakutafuna jiwe wala hakutema pepe. Pepe ni ile punje isiyo na kitu ndani, ganda tupu. Ukitia mchele majini, mapepe na pumba huelea, nawe unayamwaga kwa mkupuo mmoja wa beseni, mchele umebaki chini. Mkono wa Mize ulikuwa na mkupuo huo, mwepesi kama wa mtu anayegeuza mkeka.

Sasa tazameni. Mtoto wa kike wa kwetu amefundishwa tangu hajui kufunga kanga kwamba kinachozama ndicho chakula na kinachoelea ni cha kumwagwa. Akaja Bwana Mtafiti akasema kinachoelea ndicho tunachokitaka. Ilitupa tabu sana wanawake. Mize ilimsumbua kuliko wote, maana mkono wake ulikuwa umejua zaidi. Siku zake za mwanzo, akikoroga udongo, mkono wa kulia unataka kukupua, anaushika kwa wa kushoto, anausema: "Tulia weye! Huu si mchele."

Mwisho alitafuta dawa. Alichana ukindu akausokota uzi, akaufunga kwenye kiwiko cha mkono wa kulia, pale kiganja kinapoanzia. Uzi ukiwapo, ni udongo. Akienda nyumbani kuosha mchele, anaufungua, anauchomeka kwenye kibanda cha kisimani tulipokuwa tukioshea. Akirudi, anaufunga. Na tangu alipoufunga hakukosea. Bwana Mtafiti aliuona akauliza kama ni hirizi. "Ni nokoa wangu," Mize akajibu. "Huyu wa kwangu hapigi kelele." Mzee Hamad alijifanya hakusikia.

Mimi nilianza kwa kuchota maji, nikawa muoshaji, kisha Bwana akaona macho yangu ni mazuri akanifanya mchambuzi. Tulipata mengi. Matabaka ya juu yalikuwa na mpunga na mtama na maganda ya chikichi, vitu ambavyo hata miye nilivitambua, na vyungu vilivyovunjika. Ili kutambua vingine, Bwana alituma watu msituni walete mbegu na mizizi ya kila namna, akaichoma ndani ya kopo la mchanga, kusudi tuwe na mfano mpya wa kulinganisha na wa kale. Siku hizo msitu wote ulikuwa ukiungua kidogo kidogo ndani ya makopo yetu.

Lakini alichokuwa akikitafuta hakikuwa juu. Siku moja alitukusanya akatueleza. Wako wenzake kwao wanaosema kwamba mtu hawezi kuishi ndani ya msitu mkubwa kama hana shamba, kwamba atakufa njaa katikati ya miti. Yeye haamini. Alitaka kujua kama wako waliokaa hapa kabla ya jembe na kabla ya chungu, na kama wapo, msitu uliwalisha nini. "Nikipata jiko lao moja tu," alisema, "litanijibu."

Tukangoja jiko hilo. Tulichimba msimu, mvua za masika zikatufukuza, tukarudi msimu wa pili. Chini ya vyungu vyote, chini ya udongo mwekundu usio na kitu ambao ulitukatisha tamaa, Makame akakuta mawe matatu yamekaa kama mafiga yanavyokaa, na katikati jivu. Alitoka pangoni mbio akamwita Bwana. Bwana Mtafiti aliingia akapiga magoti, akakaa vile muda mrefu. Jiko lilikuwa dogo. Jivu lake lote lilienea kanda moja.

Wakati huo sisi tulikuwa na msiba. Mama mkwe wangu, Bi Saada, mamaake Mize na Makame, alikuwa amefariki, na arobaini yake iliangukia siku ya pili baada ya jiko lile kutolewa. Mchele wa hitma hakuna mwingine wa kuuosha. Asubuhi Mize akamwendea Mzee Hamad, nami nipo.

"Mzee Hamad, kesho arobaini ya mama. Naomba ruhusa leo nikaoshe nchele."

"Jiko la Bwana limetoka, mvua ile unaiona ilivyofunga, nawe ndio unataka ruhusa?"

"Nchele hauji huku kwa miguu yake, mzee."

Mzee Hamad alifikiri. Bi Saada alikuwa jirani yake. "Basi ulete. Maji si hayo? Mabeseni si hayo? Osha mchele wa marehemu, ukimaliza osha jivu la Bwana. Nimekukatalia?"

"Hukunikatalia. Mungu akuweke."

Sote tuliona ni wema. Mpaka leo naona ulikuwa wema.

Mize akaja na pishi zake za mchele, akafungua uzi wa ukindu, akauchomeka mahali pake kibandani. "Leo sitaki nokoa," akaniambia. "Pepe moja likiingia kwenye wali wa mama, atanijia ndotoni." Akaosha. Miye nilikuwa kwenye meza yangu ya kuchambulia, nimempa mgongo, nasikia maji. Kujaza, kukoroga, kukupua. Kujaza, kukoroga, kukupua. Aliosha huku analia kidogo kidogo, bila sauti, kama mtu anayelia akiwa na kazi mkononi. Mchele ukaisha, akautia kwenye chano, akaufunika kanga. Mvua ilikuwa imekaribia, harufu yake imeshafika. Mzee Hamad akapiga debe: "Jivu, Mize, jivu!"

Nikasikia kujaza. Nikasikia kukoroga. Nikasikia kukupua.

Nilijua kabla sijageuka. Alikuwa amesimama na beseni tupu, maji meusi yanateremka kuelekea kwenye migomba iliyo chini ya kisima. Lilikuwa ndilo beseni la mwisho. Kumbe mawili ya kwanza aliyakupua mara tu baada ya debe kupigwa, huku mimi nikidhani bado anasuuza vyombo vya mchele. Alitazama kiwiko chake, akanitazama mimi.

"Wifi," akasema, "uzi wangu uko wapi?"

Makame na wenzake walirukia kule migombani, wakakusanya matope kwa viganja. Mvua ikashuka. Si mvua ya kungojwa ipite. Ni ile ya kwetu inayoanguka kama imetupwa. Ilipokwisha hapakuwa na mfereji wala alama, ila majani ya migomba yanadondoka.

Bwana Mtafiti alitoka pangoni kwa furaha, ndevu zimejaa vumbi. "Yameelea?" akauliza. "Yameelea mengi?" Mzee Hamad ndiye aliyemweleza, kisha akamgeukia Mize kwa sauti ya mashambani: "Umetuua! Misimu miwili ya watu umeimwagia ndizi! Mikono hiyo ina macho kweli?"

"Mzee Hamad, nyamaza," Bwana akasema. Akaketi juu ya debe. "Ni kanda lote?"

"Lote," Mize akajibu mwenyewe.

Bwana akalichukua beseni tupu akaliangalia ndani. Hata Faki, aliyekuwa akifanya mzaha kwenye kila jambo, aliangalia chini. Mwisho Bwana akasema, "Mwambieni Bi Mize aende nyumbani. Kesho ana hitma." Alisema kwa upole. Lakini Mize alisikia kwamba amefukuzwa, na katika hali ile hata miye ningesikia hivyo. Alijitwika chano chake cha mchele akaondoka.

Hitma ilisomwa. Bwana Mtafiti alikuja, akakaa kwenye jamvi na wanaume, akala kwa mkono. Wali ule ulikuwa mweupe, haukuwa na jiwe, haukuwa na pepe hata moja. Watu wakasema, "Mize, Mungu akupe mikono hiyo peponi." Nilimwona alivyoiingiza mikono ndani ya kanga.

Baada ya hapo pango lilifungwa, kwa kuwa chini ya jiko palikuwa jiwe tupu. Kazi ikahamia kusini, Kisiwa Panza, kwenye rundo la kale la makombe ya pwani. Makame aliitwa, nami nikaitwa. Mize hakuitwa. Kule mambo hayakwenda. Kisima kilikuwa na maji ya chumvi. Vitu vinaelea vizuri sana kwenye maji ya chumvi, lakini vikikauka, chumvi hugeuka punje ndani ya kaa na kulipasua. Kila asubuhi nilikuta vumbi. Siku moja Bwana akaniuliza, mbele ya Mzee Hamad, "Kwa nini Bi Mize hakutaka kuja?"

"Hakuitwa, Bwana."

"Lakini nilisema aitwe. Mzee Hamad, sikukwambia?"

Mzee Hamad akavua kofia yake akaitazama ndani. "Ulisema. Nikadhani unasema kwa adabu tu, Bwana. Sisi kwetu mtu akikasirika sana husema hivyo."

Bwana alisema ataandika barua, lakini kazi ilikuwa ukingoni, na tuliporudi Makangale ilikuwa ni kufunga masanduku.

Nilimkuta Mize migombani. Amechimba chini ya kila shina, amepanga mabeseni yake mwenyewe, na uzi wa ukindu mkononi. Muda wote tulipokuwa Panza alikuwa akiosha udongo wa migomba. Mizizi ya migomba imebaki nje kama ufizi. Mtaani walikwisha sema ameshikwa na wenyewe wa pango, mizimu yake, na shangazi zake walikwisha mfukizia ubani. Nakwambieni, hakuwa na wazimu. Alizungumza nami vizuri kabisa, akaniuliza hali ya maji ya Panza. Alikuwa akitafuta kitu alichokidondosha, basi.

Alinionyesha kasha la kiberiti. Ndani mlikuwa na mbegu moja, nusu yake, nyeusi, ndogo kuliko kunde.

"Si mpunga," akasema. "Si ntama. Si chikichi. Tumpelekee Bwana."

Tulimkuta Bwana Mtafiti anafunga kamba za masanduku. Aliichukua kwa unyoya, akaiweka chini ya lenzi yake, akaitazama mpaka nikadhani amelala. Mize alisimama wima, mikono nyuma, kama mwanafunzi wa chuoni anayesomeshwa na shehe.

"Ni nzuri," Bwana akasema. "Ni ya tunda la msituni. Inaweza kuwa ya kale sana."

"Alhamdulillahi."

"Inaweza, Bi Mize. Lakini migombani watu wamemwaga majivu ya jikoni miaka na miaka. Na sisi wenyewe tulichoma mbegu za msituni kwenye makopo, na majivu yake tuliyamwaga pale pale. Sina njia ya kujua kama hii imetoka kwenye jiko la chini au kwenye kopo langu. Kitu kikishatoka mahali pake, hakiwezi tena kusema kilikuwa wapi."

"Miye najua ilikuwa wapi."

"Najua kwamba unajua," akasema, na macho yake yalikuwa mekundu. "Lakini siwezi kuipokea. Nikiipokea nitakuwa nimesema uongo juu ya watu wale."

Akairudisha kwenye kiberiti, akampa kwa mikono miwili. Mize akaitoa, akaifunga kwenye pindo la kanga yake kama mtu afungavyo senti. "Basi, Bwana," akasema. "Safari njema." Hakulia hapo. Ni mimi niliyelia.

Hivyo ndivyo nilivyostaafu, nikiwa bado msichana. Gari lilichukua masanduku, nchi ikaingia katika mambo yake, Bwana Mtafiti hakurudi. Nililima muhogo na mpunga, nikazaa, nikazika. Mzee Hamad alipokuwa hoi alituma aitiwe Mize, walizungumza mlango umefungwa, na Mize alipotoka alisema tu, "Tumesameheana." Lakini hakuosha tena mchele wa shughuli. Watu walimwomba mwaka wa kwanza, wakamwomba wa pili, kisha wakazoea kutafuna mawe. Migombani alikwenda mpaka miguu ilipokataa. Hakupata nyingine.

Alipofariki, mimi nilikuwa miongoni mwa waliomuosha. Nilimimina maji taratibu, kutoka kulia. Kwenye kiwiko palikuwa na alama nyembamba, nyeupe, ya uzi wa miaka yote ile. Kanga yake ya zamani ilikuwa kichwani pa kitanda, pindo limefungwa. Nimeichukua. Sijalifungua.

Mjukuu wangu anayesoma chuo kikuu ananiambia siku hizi maji huzungushwa kwa mashine, na kinachoelea hujikusanya chenyewe, mkono wa mtu haumo. Nafurahi kusikia. Anasema pia kwamba sehemu nyingine za dunia wameshapata jawabu, kwamba mtu aliweza kuishi msituni bila shamba. Wale wetu wa jiko la chini hawamo katika jawabu hilo. Walikaa pale, wakapika kitu chao, mpishi wao akaponyokwa na kidogo, kikangoja muda usiohesabika ndani ya giza, na siku kilipoonekana na watu kikaenda kwenye ndizi. Hata sijui walikula nini.

Wajukuu wengine hunicheka. Kila nikiosha mchele, maji ya kwanza siyamwagi. Naliacha beseni litulie, naliinamia, naangalia kinachoelea mpaka wali wao unachelewa. "Bibi, unatafuta nini huko?" huniuliza.

Nawaambia naangalia mapepe.